Nauli ya Ukara: jibu kwa aliyeuliza kwa nini waandishi wa Mwanza hawachimbui

Mkuu, umeuliza kwa nini waandishi wetu wa Mwanza wanatuletea ziara za viongozi tu, na kama raia wa kawaida anaweza kuwasaidia wachimbue mambo, hata kwa kuwachangia hela kwa M-Pesa. Nilikuwa korespondenti hapa miaka sita kabla sijaingia kwenye vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nitajibu kwa mapana kidogo.

Anza na hela. Nililipwa kwa stori iliyotoka: elfu kumi. Isipotoka, imekula kwako. Ukienda kwenye mkutano wa kiongozi, saa sita umeshatuma habari na mwenyeji kakupa "nauli". Uchunguzi wa wiki tatu nao ni stori moja, elfu kumi ileile. Bahasha hiyo ya "nauli" ni rushwa, sibishi, ila mwenye nyumba wangu Mabatini hakuwahi kupokea maadili badala ya kodi.

Mwaka mmoja, kabla mashine za POS za kutolea risiti hazijaenea, akina mama wa dagaa kwenye mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) ambao sitautaja walinilalamikia ushuru. Malalamiko ya ushuru yapo kila mwalo, kidogo niondoke. Mama mmoja akanitolea mfuko wa rambo umejaa stakabadhi za miezi minne, zinanuka dagaa. Tukakaa juu ya magunia, yeye anasoma namba, mimi naandika. Katikati akanyamaza, akaniuliza, "Mwanangu, hii si umeshaiandika?" Namba ileile, tarehe nyingine, kiasi kingine. Hadi jioni tulikuwa na jozi kumi na moja. Maana yake kulikuwa na vitabu viwili vya stakabadhi, na kimoja hakikuwa cha serikali.

Nilipokwenda ofisi ya ushuru kuomba maelezo nikaambiwa nilete barua ya mhariri. Barua ilichukua siku tisa kutoka Dar, na ndani ya siku hizo simu zilishapigwa. Stori ikatoka aya nne: wafanyabiashara walalamikia ushuru. Yule mama alisomewa gazeti pale mwaloni, kisha akaniuliza zile namba zake ziko wapi. Nilikosa la kumjibu, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nanunua dagaa kwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia waandishi wa mikoani wanahitaji semina hotelini, nanyamaza tu. Nyegezi pale SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, wanafundisha uandishi miaka yote hii, kujua wanajua. Kinachokosekana ni nauli, muda, na mhariri asiyeogopa simu. Mfuko wa TMF (Tanzania Media Fund, wa kusaidia vyombo vya habari) ulipoanza 2008 ulitoa ruzuku kwa mwandishi mmoja mmoja, na mlezi wa kumsimamia. Mwenzangu mmoja aliipata, akaweza kulala visiwani siku kadhaa bila kumtegemea mwenyeji yeyote. Tofauti niliiona kwenye daftari lake: mimi nilikuwa na nukuu, yeye alikuwa na hesabu.

Na hesabu ndizo zilizokosekana kwa MV Nyerere. Kivuko cha kubeba watu 101, na Septemba 20, 2018, siku ya gulio Bugolora kisiwani Ukerewe, kikazama karibu na kufika kisiwa cha Ukara. Waliokufa ni 228. Waandishi tulijaa siku ya majeneza. Lakini gulio lile lilikuwepo kila wiki, na yeyote angeweza kusimama pale na kalamu akahesabu vichwa vinavyopanda. Kutoka Mwanza hadi Ukara unavuka maji mara mbili, ukalale huko. Nani angemlipia?

Wewe raia unaweza kufanya nini? Acha kumpigia mwandishi kumwambia "huku kuna madudu." Mpelekee karatasi. Piga picha stakabadhi, mkataba, kibao cha mradi chenye jina la mkandarasi. Pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya kila raia, si ya waandishi tu. Andika barua mwenyewe, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa nayo ikitoka, tafuta halmashauri yako, kisha nenda ukaangalie kama hicho choo cha shule kipo. Mwandishi akikuta kazi hiyo imefanyika, umemwokolea wiki nzima.

Umegusia pia kuchanga kwa M-Pesa. Changieni chombo, msimpe mwandishi mkononi, na majina ya wachangiaji yawe wazi. Niliwahi kuona mtu anayetaka udiwani akilipia mafuta ili mpinzani wake achunguzwe. Stori ilikuwa ya kweli mwanzo mwisho, nyaraka zote zipo. Ilipojulikana nani kajaza tenki, pale kijiweni hakuna aliyeuliza tena kuhusu zile nyaraka.