Mliouliza kama nimekuwa mchungaji Doha

Bwana asifiwe, vijana wa Voi. Mmeona picha nimeshika maikrofoni, mkauliza kama nimeshapakwa mafuta huku Doha, Qatar, na kama nanyi mje Bwana awainue.

Mimi ni soja. Nalinda lango kwa zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, na kambini tunalala wanane chumba kimoja. Ibada kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko ya nchi. Tunakusanyika Mesaimeer, eneo ambalo serikali imeyatengea makanisa; mlangoni unakaguliwa, na nje huoni msalaba juu ya paa. Kuhubiri stendi kama huko kwetu, sahau. Sheria inakataza.

Uongozi wenyewe ni kumtembelea aliyelazwa, kuchangisha nauli ya aliyefiwa, na kupokea simu usiku wa manane ya dada anayefanya kazi za nyumbani, maana yeye hata Ijumaa haruhusiwi kutoka. Posho hakuna.

Kinachonikera ni yale mahubiri mnayotutumia, kwamba kila taabu ni jaribu, vumilia tu. Mtu asipolipwa miezi mitatu ameibiwa, hajajaribiwa! Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi wala chakula anapaswa kuongeza 500 na 300. Kukushikia pasipoti ni kosa kisheria. Kwa hiyo ndugu akija analia, tunaomba naye, kisha kukikucha tunamsindikiza Wizara ya Kazi. Paulo alichapwa Filipi, akaimba gerezani usiku. Asubuhi walipotaka aondoke kimyakimya, aligoma: sisi ni Warumi, waje wenyewe watutoe. Wahubiri wetu, sijui kwa nini, huishia kwenye nyimbo.

Ninayovumilia mimi ni joto la Julai, upweke, na kumzika mzazi kwa video. Hayo hayana ofisi ya kuyapeleka. Nayabeba kwa sababu kuna vijana wadogo chumbani mwetu ambao wiki za kwanza hawali wala hawalali, na mtu lazima awepo.

Anayetaka cheo abaki huko. Anayetaka kazi, aangalie kwanza kama ajenti wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kabla hajatoa hata shilingi anitumie mkataba. Nitausoma Ijumaa baada ya ibada.