Plasma au LCD? Kabla hujatoa hela ya TV ya mtumba

Kwenye maduka ya TV za mtumba, ile kubwa inayouzwa bei ya kushangaza karibu kila mara ni plasma. Inchi 42 au 50, kioo kizito, rangi zimekolea, na muuzaji anakwambia hizi hazitengenezwi tena. Hapo hadanganyi. Panasonic walifunga uzalishaji wa plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Maana yake plasma yoyote unayoonyeshwa leo imeshavuka miaka kumi, na kinachouzwa ni uhai uliobaki ndani yake.

Tuseme mapema: kama ni TV moja ya nyumba nzima na LUKU unanunua mwenyewe, chukua LCD yenye taa za LED. Plasma inamfaa mtu mwenye sababu yake, na sababu hizo zipo.

Neno LED linawachanganya wengi. TV ya LED ni LCD ile ile. Kioo cha LCD hakitoi mwanga, kinahitaji taa nyuma yake: zamani ilikuwa mirija myembamba ya floresenti, sasa ni mistari ya vitaa vya LED. Plasma haina taa ya nyuma. Kila kitone ni kichumba cha gesi kinachowaka chenyewe, ndiyo maana weusi wake ni mzito, mpira haukokoti kivuli uwanjani, na aliyekaa pembeni kabisa anaona rangi zile zile anazoona aliyekaa katikati. LCD nyingi za bei nafuu ukizitazama kwa pembeni rangi zinapauka.

Usimuulize muuzaji ni aina gani, soma karatasi ya nyuma. Kwa Samsung, namba inayoanza na PS au PA ni plasma, LE au LA ni LCD ya mirija, UE au UA ni LED. Panasonic huandika TX-P au TH-P kwa plasma, TX-L au TH-L kwa LCD. Karatasi hiyo hiyo ina volti: iwe 220 hadi 240. Ikiandikwa 100 au 110 peke yake, imetoka Japani au Marekani na itahitaji transfoma. Angalia na wati.

Kwenye wati ndipo hesabu inapouma. Plasma ya inchi 42 inayokula wastani wa wati 250, ikiwashwa saa 6 kwa siku, inamaliza yuniti 1.5, yaani yuniti 45 kwa mwezi. LED ya inchi 43 yenye wati 70 kwa saa hizo hizo inamaliza chini ya yuniti 13. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, tofauti ni zaidi ya shilingi 11,000 kila mwezi. Kwa mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ni mbaya zaidi: bei yake ya shilingi 100 kabla ya kodi ina ukomo wa yuniti 75, zinazozidi zinapanda hadi 350. Plasma peke yake inakula zaidi ya nusu ya yuniti hizo kabla hujawasha friji. Mwenye sola asiiguse kabisa. Atafute TV ya volti 12.

Ukiwa bado unaitaka, nenda dukani na flashi yenye picha tano za rangi moja moja: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani na bluu. TV nyingi za kuanzia 2009 hivi zinafungua picha kutoka kwenye flashi. Iache iwake dakika 15, kisha weka ile ya kijivu na usogee karibu. Unatafuta alama iliyogandia kwenye kioo: nembo ya chaneli kwenye kona ya juu, mstari wa habari chini, au mistari miwili mipana pembeni yenye kivuli tofauti kwa sababu mwenyewe wa zamani alitazama miaka mingi vipindi vya umbo la TV ya chogo. Kivuli hafifu kinachopotea baada ya dakika chache za picha inayotembea kinavumilika. Kinachobaki, kinachosomeka hata ukibadilisha rangi, hakiondoki, fundi asikudanganye kwamba atakisafisha.

Hapa wenye mabanda umiza wasikilize vizuri. Plasma inawavutia kwa sababu mpira unaonekana safi na walio kwenye mabenchi ya pembeni hawalalamiki. Lakini kisanduku cha matokeo kinakaa kona ile ile dakika 90, mechi baada ya mechi, na nembo ya chaneli haihami. Kwa matumizi hayo alama itaganda tu. Ukilazimika, shusha Contrast hadi nusu na usiiache kwenye menyu ya king'amuzi wakati wa kusubiri mechi.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa Dar hawalijui kwa kuwa wako usawa wa bahari: plasma huvuma zaidi sehemu za juu. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, tofauti yake na shinikizo la gesi ndani ya kioo inabadilika na mtetemo unasikika. Anayepeleka Mbeya, Njombe au Nairobi ategemee mvumo huo picha ikiwa nyeupe sana. Si ubovu, ila usiku unakera.

Upande wa LCD kuna magonjwa yake. Mstari wa wima usiohama, hata mmoja mwembamba, achana nayo: mara nyingi ni muunganiko wa utepe kwenye kioo, na kubadilisha kioo kunakaribia bei ya TV nyingine. Sauti ipo lakini kioo cheusi? Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari ukiwa karibu. Ukiona watu wanatembea kwa mbali gizani, kioo ni kizima, zilizokufa ni taa. Kwenye LED vitaa vimefungwa kwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazima. Fundi abadilishe mistari yote kwa pamoja. Akibadilisha kitaa kimoja, vile vya zamani vitafuata baada ya muda na utalipa kufunguliwa kioo mara mbili, kazi ambayo ndiyo inayovunja vioo.

TV inayochelewa kuwaka, inagonga tik-tik kwanza, mara nyingi ina kapasita (vidude vinavyohifadhi umeme) zilizovimba kichwa kwenye bodi ya pawa. Hiyo ina tiba rahisi: maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, za joto la nyuzi 105. Tumia tatizo hilo kupunguza bei. Kwenye plasma usimruhusu fundi wa kubahatisha, ndani kuna umeme wa karibu volti 200 na kapasita zinabaki na chaji hata ukichomoa waya.

Usafiri: plasma ya inchi 42 ni nzito, na hailazwi chali. Isimame wima, watu wawili, iegemezwe godoro, bodaboda haifai. Ukutani tumia fisha ndefu kwenye tofali lenyewe, plasta peke yake haibebi. Na sebule inayoangaliana na mlango wa jua, kioo cha plasma kitakuonyesha mlango wenyewe.

TV nyingi za Ulaya za miaka hiyo zina DVB-T tu, mfumo wa zamani wa kupokea matangazo ya dijitali kwa antena, wakati matangazo ya ardhini hapa ni DVB-T2, kwa hiyo bajeti ya king'amuzi iwemo. Hakikisha soketi ya HDMI inashika waya bila kucheza.

Ukichukua LED, siku ya kwanza ingia kwenye menyu, tafuta palipoandikwa Backlight (mwanga wa taa za nyuma) na ushushe hadi 60 kati ya 100. Dukani huwa imewekwa mwisho ili ing'ae kuliko za jirani, na joto hilo ndilo linaloua vitaa.