Kuanika nguo hakumfungi mtoto kitovu shingoni

SWALI: Shikamoo daktari. Mimba yangu ina wiki 34. Altrasaundi imeonyesha kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Mama mkwe amenikataza kuanika nguo, eti nikinyoosha mikono juu kinazidi kujifunga. Je, nitapasuliwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anika nguo zako bila wasiwasi. Anayekizungusha ni mtoto mwenyewe akigeuka ndani ya maji ya uzazi, na kitovu kirefu humrahisishia. Kwa kawaida kitovu hufika sentimita 50 hadi 60 mimba ikitimia. Kikizidi 70 huhesabiwa kirefu, kikipungua 35 kifupi.

Mtoto tumboni hapumui kwa koo. Hewa humjia kwa damu ya kitovu, na mishipa yake mitatu imezungukwa na ute mzito unaoikinga isibanwe. Ndiyo maana karibu mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa na kitovu shingoni na wengi wao wako salama. Kichwa kikitoka, mkunga hupapasa shingo kwa kidole na kukipitisha juu ya kichwa. Kikikaza mno, hukibana kwa vibanio viwili na kukata katikati. Peke yake si sababu ya kukupasua. Utapasuliwa mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na yasirudi. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Ninachokihofia zaidi kwa kitovu kirefu ni kutangulia. Chupa ikipasuka kichwa kikiwa bado juu, kitovu huweza kuteremka na kubanwa na kichwa. Ukihisi kitu kama kamba ukeni, piga magoti, weka kifua chini na makalio juu. Usikirudishe ndani. Safarini lala ubavu wa kushoto, mito chini ya nyonga. Hapo dakika zina thamani kuliko begi la nguo.

SWALI: Kitovu cha mwanangu kilikuwa sentimita 28, na kondo la nyuma lilibanduka kabla hajatoka. Mbona kliniki hawakukiona? Nilikosea wapi?
Mama wa mtoto mmoja, Nakuru

JIBU: Pole sana, mama. Hukukosea popote. Altrasaundi haiwezi kupima urefu wake kwa uhakika, kwa kuwa kimejikunja na sehemu kubwa imefichwa na mwili wa mtoto. Hupimwa baada ya kuzaa, kipande kilichobaki kwa mtoto kikijumlishwa na cha kwenye kondo. Sehemu kubwa ya urefu hupatikana kabla ya wiki 28, mtoto anapokivuta kwa kucheza. Kikiwa kifupi, anaposhuka hulivuta kondo. Mkunga naye akikivuta kwa pupa, kinaweza kukatika au mji wa mimba ukapinduka.

Mimba ijayo, hudhurio la kwanza tu waeleze kwamba kondo lilibanduka, na panga kuzalia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Ukitokwa damu, au tumbo likikaza kama ubao bila kuachia, ondoka nyumbani saa hiyohiyo.