Jibu: Kampuni kushika sehemu kubwa ya soko ni kosa?
Mkuu, umeuliza kama kampuni yenye asilimia 70 ya soko tayari imevunja sheria ya ushindani. Hapana. Ukubwa wenyewe si kosa, mtu anaweza kuupata kwa bidhaa nzuri tu. Kosa ni kuutumia vibaya: kumlazimisha mteja anunue na asichokihitaji, kuwabana wasambazaji wasiuze bidhaa za mwingine, au kuuza kwa hasara hadi wapinzani wafunge.

Hilo la mwisho ndilo gumu, maana nani atalalamikia bei ikishuka? Katika kesi ya AKZO, kampuni ya kemikali ya Uholanzi, ya 1991, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema bei iliyo chini ya wastani wa gharama zinazobadilika (zile zinazopanda kadiri unavyozalisha zaidi, kama malighafi) huhesabiwa kuwa matumizi mabaya. Ikiwa juu ya hapo lakini chini ya wastani wa gharama zote, lazima ithibitishwe kulikuwa na mpango wa kumng'oa mshindani. Na mipango hiyo, mara nyingi, wameiandika wenyewe kwenye barua za ofisini!

Ila kabla ya yote uliza: soko lipi? La soda tu, au la vinywaji vyote? Mawakili hupigana sana hapo, kwani likitafsiriwa kwa upana, hiyo 70 yako inaweza kuwa 20.