Mume kawa mkali baada ya ajali ya boda: tabia au ubongo?

Dada pole sana aisee. Umesema mumeo alikuwa mpole, kapata ajali ya boda, katoka hospitali anatembea na anakula vizuri, ila saivi kijiko kikidondoka tu anafoka hadi majirani wanatoka nje, afu mama mkwe anasema wewe ndo umeshindwa kumtunza, na unauliza kama arudi barabarani kubeba abiria maana hela imeisha. Hapana, usibebe huo mzigo. Mimi namuuguza mdogo wangu wa kiume mwenye hali hiyohiyo, naye alianguka na boda bila helmeti, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona na niliyoelezwa na madaktari.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba hata kama hakugonga paji la uso, sehemu ya mbele ya ubongo inaweza kuumia. Mdogo wangu aliangukia kisogo lakini siti skani (CT scan, picha ya ndani ya kichwa) ikaonyesha damu imevilia mbele. Daktari akatuelewesha kwamba ubongo ni laini, ukitikiswa kwa nguvu unarushwa mbele na nyuma ndani ya fuvu, na sakafu ya fuvu upande wa mbele ina matuta ya mfupa, ndo ubongo unakwaruzikia pale. Sasa sehemu hiyo ya mbele ndo inayotuliza hisia. Ndani zaidi kuna kitu kinaitwa amigdala, kidogo tu, kimoja kila upande, kazi yake ni kushtuka haraka, kelele au dharau ikitokea mwili unakuwa tayari kupigana kabla hata hujawaza. Kwa wewe na mimi ile sehemu ya mbele inapima, inaona aah ni kijiko tu, mambo yanaisha. Kwa mumeo mshtuko uko palepale ila breki zimelegea. Ndo maana unamkuta baada ya nusu saa analia au anaomba msamaha, yaani sio kwamba alipanga.

Na hili halijaanza leo. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli anaitwa Phineas Gage, baruti ililipuka mtaimbo wa zaidi ya mita moja ukaingia shavuni ukatokea juu ya kichwa. Akapona, anaongea, anatembea, ila daktari wake, Harlow, aliandika kwamba kawa mtu wa matusi na papara hadi rafiki zake wakasema huyu sio Gage tena. Lakini baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, na wapo wataalamu wanaoona ile ratiba isiyobadilika ilimsaidia kurudi kwenye mstari.

Kwetu ratiba imesaidia kuliko kitu chochote. Kula muda uleule, kulala muda uleule, jioni tivii inazimwa na watoto wanachezea nje maana kelele na uchovu vikikutana ndo balaa linaanza. Usingizi usiuchukulie poa, kuna utafiti wa mwaka 2007 watu wazima kabisa wa afya walikeshwa, wakipigwa picha za ubongo wakionyeshwa vitu vya kuudhi amigdala zao zikafanya kazi kama asilimia 60 zaidi ya waliolala. Sasa huyu mwenye jeraha je? Na pombe isikanyage hapo ndani.

Akishaanza kufoka usibishane naye, usimwambie tulia, toka kidogo. Akipoa muulize kwa upole, umechoka, umeogopa au umekasirika? Mwanasaikolojia wetu ndo alitufundisha, na vipimo vimeonyesha mtu akiitaja hisia yake kwa jina amigdala inapungua makali na sehemu ya mbele inaamka. Mdogo wangu mwanzoni alikuwa ananyamaza tu, saivi anasema mwenyewe "dada kichwa kimejaa" na anaenda kulala.

Angalia pia dawa. Kama kapewa za kuzuia kifafa muulize daktari, maana zipo zinazoleta hasira zenyewe, levetiracetam ni mojawapo. Ila usije ukaziacha ghafla, degedege linaweza kumpata. Mwambie daktari waziwazi kwamba tabia imebadilika, sisi tuliruhusiwa tukaambiwa kuhusu kidonda na nyuzi tu, hakuna aliyetugusia hasira, na familia nzima ikahangaika na waganga wakati mtu anahitaji kliniki ya mishipa ya fahamu na ya afya ya akili.

Jingine dada, na hili nakwambia kama ndugu yako: kuumia ubongo hakumpi ruhusa ya kukupiga. Akiinua mkono chukua watoto uende kwa mtu unayemwamini, matibabu yake yataendelea ukiwa salama.

Kuhusu swali lako la kumrudisha barabarani kwa sababu hela imeisha, mimi nasema bado. Mtu anayewaka kwa kijiko, abiria akimzingua au daladala likimchomekea itakuwaje? Subiri daktari amkague kwanza, na mama mkwe nenda naye kliniki siku hiyo aelezwe na daktari mwenyewe, sisi kwa mama yetu ndo ilisaidia.