Usiihukumu Chupa kwa Dakika ya Kwanza

Maswali ya wasomaji: shipre za maua, aina ya manukato, ambazo hazitengenezwi tena

SWALI: Ndugu mhariri, nimepata chupa ya shipre ya maua ya miaka ya 1960, imejaa karibu hadi shingoni. Watu wanaisifu mno. Nilipojipaka nilinusa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha kitu kama siki. Je, nimeuziwa uchafu?

JIBU: Huenda hujauziwa uchafu. Kilichoharibika ni kichwa, yaani harufu ya mwanzo; kiwiliwili bado kizima.

Shipre hujengwa kwa ngazi tatu. Juu kuna mafuta ya bergamoti, tunda lililo ndugu wa limau na chungwa. Katikati kuna maua, mara nyingi waridi na yasmini. Chini kuna pachuli, mafuta ya majani yenye harufu ya udongo, kuna labdanamu ambayo ni ulimbo wa kichaka cha ukanda wa Mediterania, na kuna kiungo kinachoifanya shipre iwe shipre: kimea cha kijivu kinachoota kwenye magome ya mialoni kama ndevu za mzee. Jina lake la kisayansi ni Evernia prunastri. Humu tutakiita ndevu za mwaloni. Aliyeufanya mpango huu ujulikane ni François Coty, mwaka 1917, kwa manukato aliyoyaita Chypre, neno la Kifaransa la kisiwa cha Kupro.

Sasa, ngazi hizo hazizeeki pamoja. Bergamoti imejaa limonini, molekuli ya harufu ya machungwa na malimau, nayo ikikaa miaka 60 na ile hewa kidogo iliyomo chupani huungana na oksijeni na kuwa na ukali wa vanishi. Aldehidi, viungo vya maabara ambavyo watunzi wa enzi hizo walivipenda sana, hugeuka asidi. Ndiyo siki uliyoinusa. Molekuli za ngazi ya chini ni nzito. Hazina haraka ya kuruka wala ya kugeuka.

Fanya jaribio hili kabla hujalia. Kata vipande viwili vya karatasi nene isiyo na harufu, upana wa kidole. Dondoshea cha kwanza tone moja, andika saa pembeni, ukiweke kando mahali pasipo na upepo. Baada ya dakika 30, dondoshea cha pili. Nusa kwanza kile cha zamani, kwa sababu kibichi kitakuchoma pua na hutasikia kitu tena kwa dakika kadhaa. Kwenye karatasi ya zamani siki inapaswa iwe imeondoka. Maua yatakuwa makavu kidogo, kama ua lililosahauliwa ndani ya kitabu, na chini yake utapata gome bichi, udongo wenye unyevu, wino, ngozi. Rudi baada ya saa sita, kisha kesho asubuhi. Kama asubuhi karatasi ina utamu mkavu wenye uchungu kwa mbali, umepata mali. Kama saa moja tu baada ya kudondosha kilichobaki ni mafuta yaliyochacha, hapo tuseme poleni.

Rangi isikutishe. Vanilini, kiungo chenye harufu ya vanila, hukoleza rangi kadiri miaka inavyokwenda, na aldehidi zikikutana na viungo fulani vya harufu ya maua ya mchungwa hugeuza maji kuwa kama chai ya rangi bila kuua harufu. Mashapo nayo si kifo: acha chupa itulie wima siku mbili, nyonya ya juu kwa bomba la sindano la kioo.

Ukijipaka, jipake dakika 20 kabla ya kutoka, ili kichwa kilichochoka kife chumbani kwako na si puani mwa wenzako. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua parfum, manukato mazito, kuliko eau de toilette iliyo nyepesi. Parfum hubeba uzito wake mwingi chini, kwa hiyo ikipoteza juu haipotezi mengi.

SWALI: Jina lile lile bado linauzwa dukani, lakini harufu ni nyingine kabisa. Wanatudanganya?

JIBU: Wakati mwingine kilichohama ni jina. Miss Dior ya 1947, iliyotungwa na Jean Carles na Paul Vacher, ilikuwa shipre ya maua yenye galbanamu, ulimbo wa kijani wenye uchungu kama shina lililovunjwa sasa hivi. Chupa inayouzwa leo kwa jina hilo inatokana na Miss Dior Chérie ya 2005, ambayo ni mtoto wa ukoo mwingine.

Mara nyingi zaidi, hata hivyo, jina limebaki na fomula imebadilishwa. Ndevu za mwaloni zina molekuli mbili, atranoli na kloroatranoli, ambazo huamsha mzio wa ngozi kwa nguvu sana. IFRA, shirika la kimataifa la watengeneza manukato, lilikuwa tayari limebana kiasi cha ndevu hizo. Kisha Umoja wa Ulaya mwaka 2017 ukazipiga marufuku molekuli zenyewe, na tangu Agosti 2021 bidhaa yenye nazo haiuzwi huko. Hapa kuna kosa tunalolisoma kila mara: watu husema ndevu za mwaloni zimepigwa marufuku. Hapana. Zilizosafishwa zinaruhusiwa, ila ukizisafisha zinakuwa nyembamba, na lile giza la wino linapungua. Wengine huweka Evernyl, kiungo cha maabara. Ni kizuri, lakini ni kikavu na chenye unga, hakina chumvi wala unyevu wa msitu.

Ongeza hapo kwamba miski ya ambreti, kiungo cha maabara, ilipigwa marufuku Ulaya mwaka 1995, na zabadi ya fungo halisi imeachwa kwa sababu ya mateso ya mnyama. Ukitoa nguzo tatu kwenye nyumba, usishangae paa likikaa upande.

Anayetaka kuusikia mwachano huo kwa pua yake atafute sampuli mbili za Mitsouko ya Guerlain: ya leo na ya kabla ya miaka ya 1990. Hiyo ni shipre ya pichi, si ya maua, lakini imetengenezwa tangu 1919 bila kukatika, kwa hiyo ni kipimo kizuri.

SWALI: Kizibo cha kioo kimegandamana na shingo ya chupa. Nitumie koleo?

JIBU: Koleo litakuachia shingo mkononi. Kinachoshika ni manukato yaliyokauka kati ya vioo viwili, ulimbo mtupu, kwa hiyo dawa yake ni kuuyeyusha. Kwanza, kama shingo imefungwa kwa uzi na ngozi nyembamba, ikate kwa wembe na uihifadhi. Inasaidia kuthibitisha chupa. Futa vumbi. Dondosha spiriti safi ya asilimia 95 kuzunguka mstari ambapo kizibo kinaingia shingoni, tone moja au mawili, chupa ikiwa wima. Acha saa moja. Rudia mara tatu au nne; utaona mstari mwembamba wa maji ukishuka taratibu ndani ya kioo kilichokwaruzwa, na pale palipokuwa peupe panakuwa angavu. Huo mstari ukizunguka pande zote, umefika.

Halafu funga shingo kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto ya kuvumilika mkononi, sekunde 30, ili shingo itanuke kabla ya kizibo. Gonga kizibo kwa mpini wa kijiko cha mti, pole sana, upande huu na upande huu. Zungusha. Usivute. Kikikataa, rudi kwenye spiriti. Wengi huvunja chupa kwa sababu walichoka jioni ya kwanza.

Kikishatoka, kifute kikauke kabla ya kukirudisha, na usijipake kwa kizibo chenyewe. Mafuta ya ngozi huingia chupani na kuchachisha yaliyobaki. Tumia kijiti cha kioo.

SWALI: Nitajuaje boksi ni la miaka gani?

JIBU: Anza na orodha ya viungo. Kuanzia Machi 2005, bidhaa zilizouzwa Umoja wa Ulaya zililazimika kutaja viungo 26 vya mzio vikizidi kiwango fulani, hivyo boksi lenye msururu wa Limonene, Linalool, Geraniol na wenzao ni la karibu na mwaka huo au baadaye. Boksi lisilo na msururu huo kwa kawaida ni la kabla, na lisilo na msimbo wa mistari ni la zamani zaidi.

Msururu huo una faida nyingine. Ukiona Evernia Prunastri, ujue ndevu za mwaloni halisi zilikuwemo. Evernia Furfuracea ni jamaa yake aotaye kwenye misunobari, mkali na mwenye lami zaidi.

SWALI: Ni salama kupaka ngozini?

JIBU: Kwa tahadhari mbili. Paka tone moja ndani ya kiwiko na usubiri saa 48, kwa maana mzio wa ndevu za mwaloni hauji papo hapo. Pili, usiipake penye jua. Bergamoti ya zamani ilikuwa na bergapteni, ambayo leo huondolewa. Ngozi yenye bergapteni ikipigwa na jua hutoa mabaka ya kahawia yanayofuata njia tone lilikopita: mstari shingoni, chini yake duara. Madaktari wakayaita berloque, yaani kidani, kwa umbo lake. Huweza kubaki kwa miezi. Paka kifuani chini ya nguo, au kwenye leso nyeusi. Nyeupe itabaki na doa la njano ambalo sabuni hailiwezi.

SWALI: Nimeifungua. Sasa itadumu?

JIBU: Adui ni hewa, mwanga na joto. Osmothèque ya Versailles, hifadhi ya manukato iliyofunguliwa 1990, huweka ya kwake gizani kwa nyuzi 12, hewa ya chupani ikiwa imeondolewa kwa gesi ya arigoni. Nyumbani, hamishia manukato kwenye vichupa vya kioo cha kahawia vya mililita 5, ujaze hadi shingoni, na ufungue kimoja kimoja. Weka ndani ya boksi, kabatini, wima. Bafuni kamwe. Friji ni sawa kama chupa inakaa humo muda wote. Kuitoa na kuirudisha kila siku ni vibaya kuliko kuiacha kabatini.