Mifuko ya upepo kwenye springi: Hilux ya kambi au Canter ya mizigo?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux dabo kabini niliyoijengea kibanda cha kulala nyuma: kitanda, friji, tangi la maji la lita 100, na hema juu ya paa. Ikijaa, nyuma inakaa chini, na njia ya Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, inagonga vibaya. Nina pia Canter ya kupeleka mahema na vyombo vya jikoni vya wageni. Inakwenda imejaa, inarudi tupu. Nimeshauriwa Hilux niifungie mifuko ya upepo, ile ya mpira inayojazwa upepo kusaidia springi, inayofika presha ya psi 100, na Canter niiongezee jani la springi. Je, Hilux itabeba kilo ngapi zaidi? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Njema, ndugu yangu. Nianze na kilo, maana ndizo zinazouza mifuko hii: haitaongezeka hata moja. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi inaeleza nguvu ya mfuko wenyewe. Haisemi lolote kuhusu ekseli, beringi, tairi, breki na chesisi yako. Uzito wa juu ulioruhusiwa uko kwenye kibati cha gari, na haubadiliki kwa sababu umefunga mifuko. Mfuko unarudisha kimo, basi. Mizani nayo haipimi kimo.

Jambo la pili: ushauri uliopewa naona umegeuzwa. Hilux yako inabeba kibanda usiku na mchana, hata ikiwa imepaki uani. Mzigo usiobadilika unataka springi za majani zilizotengenezwa kwa uzito huo, na shokapu za kuendana nazo. Canter ndiyo inayojaa na kushushwa, na hapo ndipo upepo unapofaa: unajaza ukipakia, unapunguza ukishusha. Ukiiongezea jani, siku ya kurudi tupu itarukaruka kama mbuzi.

Sababu ya kuhofia psi 100 kwenye Hilux ni chesisi. Springi ya majani inashika chesisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, kwa hiyo uzito unagawanyika. Mfuko wa upepo unakaa juu ya ekseli na kusukuma chesisi mahali pamoja tu. Kadiri unavyoujaza, ndivyo uzito unavyohama kutoka kwenye vile vishikio viwili na kukusanyika pale juu ya ekseli. Sasa ongeza tangi na tairi ya akiba vinavyoning'inia nyuma, na kila shimo la barabarani linaukandamiza mkia chini huku mfuko ukisukuma juu. Australia, ambako dabo kabini zenye vibanda vya kambi na matrela ni nyingi, chesisi zilizopinda kati ya kabini na ekseli ya nyuma ni jambo linalojulikana. Mifuko peke yake si lazima iwe chanzo. Mara nyingi mzigo ulikuwa umewekwa nyuma mno, na upepo ukauficha.

Fanya hesabu ndogo. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Hilux ina takriban mita 3. Weka kilo 150 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma: ekseli hiyo inabeba kilo 200, na ya mbele inapunguziwa kilo 50. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Ukijaza mifuko, gari litakaa sawa na taa zitashuka, lakini zile kilo 50 hazirudi mbele. Zitarudi ukihamisha tangi la maji likae nyuma tu ya kabini. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jaza maji na mafuta, panda na watu wako, nenda mizani ukapime ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima. Tofauti ndiyo ya nyuma. Linganisha na kibati. Ikiwa umepita, dawa ni kushusha vitu.

Ukishabadilisha springi na bado unataka mifuko kwa ajili ya safari za mzigo mkubwa, sitakukataza, ila itumie kama msaidizi. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike. Ukipakia, jaza upepo mpaka ukaribie kipimo hicho, usikipite. Geji inakuja baadaye, kwa kuhakikisha hujavuka kikomo cha mtengenezaji. Kwa mifuko mingi ya springi za majani kikomo ni psi 100. Ile inayoingia ndani ya springi za koili mara nyingi ni psi 35 tu. Wala usitembee na mfuko mtupu: psi 5 zibaki humo daima, la sivyo mpira unajikunja, unajibana na kuchanika.

Kufunga mwenyewe inawezekana kama una vifaa na subira. Seti nyingi za Hilux hukaa palepale penye raba inayozuia ekseli kugonga chesisi, kwa hiyo raba hiyo hutolewa. Chagua mfuko wenye raba yake ndani, ili ukipasuka porini bado uwe na kitu cha kupokea kishindo. Mfuko uliojaa usigusane na kitu chochote, hasa paipu ya breki. Ekzosi iwe mbali, kama sentimita 15, au weka kinga ya bati. Paipu ya upepo ikatwe kwa wembe mkali, ikatwe sawasawa, isiwe mshazari. Koleo huibana mdomo na hapo ndipo inapovuja. Kila upande uwe na paipu na valvu yake. Ukiunganisha pande mbili kwa paipu moja, kwenye kona upepo unakimbilia upande usiolemewa na gari linalala zaidi. Maliza kwa maji ya sabuni kwenye viungio, uone kama panavuja.

Kwenye Canter utaratibu ni uleule, ila mwonye fundi pancha: mfuko ni mdogo, kompresa yake kubwa inaujaza kufumba na kufumbua. Tumia pampu ndogo. Na kama siku moja utafunga kwenye lori la breki za upepo, usichukue upepo kwenye tangi la breki bila valvu ya kinga, kwa sababu mfuko ukivuja utaondoka na breki zako.

Tukirudi kwenye Hilux, chungulia chini karibu na ekseli ya nyuma. Toyota nyingi za mizigo zina valvu ya breki yenye mkono uliounganishwa na ekseli hiyo. Inajua gari limejaa kwa kuona nyuma imeshuka. Ukiinua nyuma kwa upepo, valvu inadhani gari ni tupu na kuzipunguzia nguvu breki za nyuma. Kama yako inayo, irekebishwe na fundi wa breki siku hiyohiyo, gari likiwa na mzigo, kabla hujashuka nalo mlima wowote.